Choo cha Baba Mkwe

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, mabati yakiwa yameshafika hadi mlimani, Wakesho aliolewa katika boma lenye kisima kimoja na heshima nyingi. Kwao mke wa mwana na baba mkwe hawatumii choo kimoja. Hata kukitaja mbele yake ni aibu. Basi mkwewe, Mzee Mwadime, akamwita Mwachofi, mchimbaji.

"Nichimbie changu kule juu, nyuma ya migomba. Nisionwe nikienda."

"Upande wa juu wa kisima, mzee?"

"Choo ni chako au changu?"

Mwachofi akachimba. Futi ya kumi, udongo ukatoa maji. Akanawa mikono, akanyamaza.

Masika yakaja, mumewe Wakesho yuko mbali kazini. Siku ya kwanza Wakesho akainusa ndoo ya maji ya kisimani: tope. Akanyamaza. Siku ya pili akainusa: yai viza. Angemwambiaje mkwewe? Akayachemsha maji kwa kuni mbichi, yakaishia uvuguvugu, akanyamaza. Siku ya tatu hakuhitaji kunusa. Binti yake Mghoi, wa miaka mitatu, alikuwa anaharisha tangu alfajiri, macho yamezama.

Muuguzi wa zahanati akampa chupa ya maji ya dawa. "Akinywa tena yale ya kisimani, usihangaike kumrudisha hapa."

Chemchemi safi iko ng'ambo ya mlima, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi na mzigo. Kila siku, hadi kichimbwe kisima kingine.

Nyumbani wakakutana watatu: mzee, Mwachofi na Wakesho.

"Mwachofi aliyaona maji shimoni," akasema mzee. "Fundi ni mimi?"

"Nilikuuliza, mzee, ukanifokea. Na huyu mama, hana pua?"

Wakesho akavuta kanga hadi usoni. Chupa ya dawa ilibaki na kina cha vidole viwili. Alikuwa akiipima kwa jicho tangu njiani.

"Pua ninayo. Mdomo ndio mlioniambia nisiwe nao."

Mzee akakohoa. "Chemchemini? Magoti yangu mnayajua."

"Mimi si wa boma hili," akasema Mwachofi.

"Na mimi nimwache mtoto na nani?"

Mghoi akafumbua macho. "Mama, maji."

Wakesho akamnywesha vile vidole viwili. Chupa ikakauka. Wote watatu wakalitazama dumu tupu mlangoni, kisha wakatazamana.

Haya, ninyi mnaojua heshima: aliyeamuru, aliyechimba, au aliyenusa? Je, nani alistahili kulibeba?