Mtoto Asiyehesabiwa

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama wagonjwa. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Anayetaka kucheka acheke mapema, maana mbele huko sitampa nafasi.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiishi kijiji kimoja na kuteka maji chemchemi moja, palikuwa na Bi Fisi. Mumewe alikuwa amekufa, akamwachia mtoto mmoja wa kike, jina lake Chausiku. Kazi ya Bi Fisi ilikuwa kuondoa mizoga. Panya akifa darini, aitwe Bi Fisi. Samaki wakioza mtoni, aitwe Bi Fisi. Kijiji kilikuwa safi kwa jasho lake, wala hakuna aliyemwambia ahsante.

Sasa kijiji hicho kilikuwa na desturi yake. Bi Fisi akipita njiani, kila mama alitoka mlangoni, akawashika watoto wake vichwa mmoja mmoja, akahesabu kwa sauti kubwa ili Fisi mwenyewe asikie:

"Mmoja, wawili, watatu. Wangu wametimia!"

Nani aliianza desturi hiyo? Hakuna aliyejua. Bi Fisi aliwahi kumla mtoto wa nani? Hakuna aliyejua. Walisema tu, fisi ni fisi. Mama akamfundisha binti, binti akamfundisha mwanawe.

Chausiku, masikini, alidhani ni wimbo. Alijifunza kuhesabu humo humo njiani, ameshika mkia wa mama yake. Siku moja akauliza kwa nini watu huwaimbia wakipita. Mama yake akamwambia kwamba wanawaamkia. Mtoto akatembea kidogo, kisha akauliza tena:

"Na mimi, mama, watanihesabu lini?"

Bi Fisi akajifanya hakusikia. Wazazi mliopo hapa mnajua kujifanya huko.

Jirani yao alikuwa Bi Kanga, mwenye vifaranga saba na macho makali. Hakuna kilichompita. Jani likianguka, atapiga kelele mtaa mzima. Lakini kwa jambo la maana, alikuwa bubu.

Siku ya kwanza, mtoto wa Bi Mbuzi akapotea. Ngoma ikapigwa, wote wakatoka, lakini hawakumtafuta. Walikwenda moja kwa moja kwa Bi Fisi na magongo, wakapindua vyungu vyake, wakampiga mbele ya mwanawe. Bi Kanga alikuwa amemwona yule mtoto akijipenyeza nyuma ya ghala kulala. Akajisemea, pilipili usiyoila yakuwashiani? Jioni mtoto akatoka nyuma ya ghala akipiga miayo. Wenye magongo wakaenda zao. Hakuna aliyeomba radhi. Bi Mbuzi alisema kwamba hata kama si leo, ingekuwa kesho.

Siku ya pili, mayai ya Bi Bata yakaibwa. Mwizi alikuwa Nguchiro, na Bi Kanga alimwona akijipangusa ute mdomoni. Nguchiro naye akamwona. Akamsogelea taratibu, akamwuliza kama vifaranga hawajambo. Bi Kanga akaelewa, akanyamaza.

Mzee Tembo, mkuu wa kijiji, akaitisha baraza. Ikaamuliwa kwamba Bi Fisi na mwanawe wasikanyage tena chemchemi. Wao wateke kisima cha zamani, kile kilichoachwa kwa sababu kingo zake zinabomoka. Bi Fisi akasimama, akasema hakuiba, akaomba aonyeshwe shahidi.

"Shahidi wa nini?" akasema Nguchiro. "Fisi ni fisi."

Watu wakacheka. Bi Kanga alikuwepo pale pale, akatazama miguu yake.

Siku ya tatu, Bi Fisi aliitwa mbali kuondoa mzoga. Chausiku akachukua kibuyu, akaenda kumtekea mama yake maji ili akirudi ayakute. Bi Kanga alimwona akipita. Alikijua kisima kile. Alifungua mdomo amwite, akawaona Bi Mbuzi na wenzake wamekaa barazani wanamtazama. Akaona haya kuonekana anaongea na mtoto wa fisi. Akaufunga mdomo.

Bi Fisi akarudi, akakuta nyumba tupu. Akatafuta uani, akatafuta kichakani, kisha akasimama katikati ya njia akalia:

"Mwanangu amepotea!"

Katika kijiji kile, mama yeyote akilia hivyo, ngoma hupigwa na wote hutoka kutafuta. Lakini hii ilikuwa sauti ya fisi, nao wakafanya walichozoea. Wakakimbilia ndani, wakafunga milango, wakawashika watoto wao vichwa.

"Mmoja, wawili, watatu. Wangu wametimia!"

Walipoona wametimia, wakaendelea kula.

Bi Fisi akalia mara ya pili. Wakahesabu mara ya pili.

Akalia mara ya tatu. Bi Kanga naye alikuwa anahesabu, vifaranga wake wako chini ya mbawa, na alipofika wa saba akashindwa kusema wametimia. Akatoka mbio. Akapiga kelele nyumba hadi nyumba kwamba mtoto yuko kisimani, mtoto yuko kisimani, mpaka Kima akatoka na kamba wakaenda wote.

Kima alishuka, akampandisha Chausiku. Alikuwa baridi. Kwenye udongo wa kisima palikuwa na alama mpya za kucha, kutoka chini hadi karibu na juu, halafu chini tena, halafu juu. Kima alisema mtoto alihangaika muda mrefu. Mama yake alipolia mara ya kwanza, alikuwa bado hai.

Nivumilieni.

Msibani watu walikuja, wengine kwa haya, wengine kutazama tu. Bi Kanga akasimama mbele yao. Akasema:

"Mtoto wa mbuzi nilimwona alikolala, nikanyamaza. Nguchiro nilimwona na mayai, nikanyamaza. Na huyu nilimwona akienda kisimani, nikanyamaza. Miaka yote tunaogopa fisi atakula watoto wetu. Fisi hajala mtoto wa mtu. Sisi ndio tumemla wake."

Nguchiro akasema huo ni uongo. Bi Kanga akamwambia basi aje awaguse vifaranga wake mchana huu, watu wote wakiona. Nguchiro akaondoka kijijini siku ile ile.

Mzee Tembo akatangaza kwamba chemchemi ni ya wote, na kwamba kuanzia siku hiyo ni mwiko kumhesabia mtu watoto anapopita. Kisha akamgeukia Bi Fisi, akamwuliza anataka nini zaidi, kijiji kitampa.

Bi Fisi akasema, "Sitaki kitu. Nataka mmoja wenu aniambie mwanangu alikuwa na sura gani."

Watu wakatazamana. Chausiku alipita milangoni mwao kila siku, na kila alipopita walikuwa wameinamia vichwa vya watoto wao. Bi Mbuzi hakujua. Bi Bata hakujua. Mzee Tembo, na ukubwa wake wote, hakujua.

Bi Kanga akasema kwa sauti ndogo, "Alikuwa na doa chini ya jicho la kushoto. Na akicheka, sikio lake moja lilianguka."

Bi Fisi akamgeukia.

"Kumbe ulikuwa unamwona," akasema.

Akafunga mzigo wake, akaondoka. Walimsihi, hakugeuka. Ndiyo maana hadi leo fisi hakai kijijini na mtu, na sauti yake ukiisikia kutoka porini, hujui kama anacheka au analia. Mimi najua.

Basi wenzangu, kuna wanaofumbata mikoba wakimwona mtu wa rangi fulani. Kuna wasiompangishia mtu chumba kwa sababu ya kabila lake. Hao wote wanahesabu watoto. Usimhukumu mtu kwa alikozaliwa. Na ukiona mwenzako anaonewa, sema siku ya kwanza, usingoje ya tatu. Haki inayosemwa msibani haimfufui mtu.

Hapo ndipo ilipoishia. Ikiwa nzuri, msinisifu mimi. Ikiwa chungu, msinirudishie. Mpelekeeni jirani, hasa yule ambaye hamjawahi kumtazama usoni.