Kitufe Kilichotaka Uzito wa Kifaru

Zamani hizo, watoto wangu, zamani za kale ambazo binadamu walikuwa bado wakiitana kwa mbinja, wanyama wa bonde la Lumbeza walikuwa tayari na simu za mkononi. Twiga anayo, Kobe anayo, hata Popo anayo. Na programu iliyoendesha simu hizo ilikuwa huria: mnyama yeyote aliruhusiwa kuifungua, kutazama ilivyosukwa, na kupeleka rekebisho lake.

Kupeleka kulikuwa rahisi. Kukubaliwa ndiko kulikokuwa na kazi. Mlinzi wa programu alikuwa Mzee Ngurumbi, kifaru mwenye shingo kama gogo, na hakuna rekebisho lililoingia mpaka yeye aseme "pita" mbele ya simu yake, kwa sauti yake mwenyewe.

Sasa, kwenye kioo cha kila simu kulikuwa na kitufe chekundu cha kuomba msaada. Ukikibonyeza, simu zote za bonde zinalia. Mzee Ngurumbi alikijaribu kwa mguu wake, kikaitika, akatangaza kwamba kimekamilika. Hakujua, wala hakuuliza, kwamba programu ilikuwa inapuuza kila mguso mwepesi.

Pimbi mmoja, jina lake Sikudhani, aliligundua hilo siku ya mafuriko. Maji yalimzoa mtoto wa jirani yake, Mama Karunguyeye. Mama wa watu akabonyeza kitufe, to, to, to. Akakipanda kwa miguu yote minne. Kimya. Bahati mtoto alinasa kwenye matete, Sikudhani akamvuta kwa meno, mzima lakini anatetemeka kama jani.

Kesho yake Sikudhani aliandika rekebisho ili kitufe kisikie hata mguso wa unyoya, akalipeleka kwa Mzee pamoja na habari za mtoto. Jibu lilikuja fupi: wadogo wale chakula kingi, wanenepe.

Sikudhani alikasirika mpaka masikio yakamsimama. Halafu akaanza kucheka peke yake, kwi kwi kwi, maana wazo lilikuwa limemjia.

Alisubiri siku ya harusi ya Pundamilia, wanyama wote wakiwa ng'ambo ya kilima. Akamkuta Mzee Ngurumbi anajiandaa kwenda, akamwamkia kwa adabu zote, akamsifia pembe, kisha akamwambia kuna dimbwi la tope laini kule bondeni, na bwana mkubwa haendi harusini bila kujipaka. Dimbwi lenyewe alikwishalipima kwa fimbo: lingemfika Mzee tumboni, basi.

Mzee akaweka simu yake ukingoni isilowe, akajitosa, pwaa! Raha iliyoje. Akagaagaa, akaimba. Alipotaka kutoka, tope likamshika. Akivuta mguu huu, ule unazama. Akapiga kelele mpaka sauti ikakwama, lakini ng'ambo ya kilima ngoma zilikuwa zinalia.

"Mjukuu wangu," akasema sasa kwa upole, "hebu nibonyezee kile kitufe."

Sikudhani akabonyeza. To, to. Akakirukia. Akakikalia. Akakichezea ngoma ya harusi kwa miguu yote, mpaka Mzee mwenyewe akaona.

"Babu, mimi bado sijanenepa," akasema. "Ila lile rekebisho langu lipo hapa, linasubiri neno lako."

Mzee akajaribu kuvuta mguu mara ya mwisho. Tope likatoa povu, blu, blu. Mwishowe akanong'ona, "Pita."

Sikudhani akagusa kioo kwa ncha ya sharubu. Ngriii! Bonde zima likalia. Wakaja mbio, Tembo na shada la maua shingoni, Nyati na pilau mdomoni, na bibi harusi nyuma yao. Wakamvuta Mzee, pwata, akatoka.

Mzee akajitikisa, akamtazama Sikudhani. "Ulijua kwamba tope lile linanata."

"Nilijua, babu. Maneno yetu hayakukufikia, nikaona tope litafika."

Wote wakarudi nyuma hatua moja. Kifaru akapumua kwa pua, fuuu, mara tumbo likaanza kumtikisika, akacheka hadi akakaa chini na kumchafua bibi harusi. Akamwomba radhi Mama Karunguyeye mbele ya watu, kisha akatangaza kwamba tangu siku ile maoni ya kila mnyama yatasomwa na kujibiwa, na kwamba Sikudhani naye ana mamlaka ya kusema "pita".

Lo, yalivyomiminika! Popo akaomba maandishi yageuzwe juu chini. Twiga akaomba herufi kubwa, maana simu iko mbali na macho yake. Kobe akaomba kioo kisizimike upesi, kwa kuwa yeye bado yuko njiani. Mzee Ngurumbi na Sikudhani wakakaa bega kwa goti, wakatoa toleo jipya, likapata kasoro mpya, wakatoa jingine, na kazi hiyo hawajaimaliza hadi leo.

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: anayetengeneza kitu cha wote, awasikilize wote, hata wenye miguso myepesi.