Stabilaiza ya Bi Chausiku

Sogeeni karibu, na atakayesinzia asithubutu kujibu swali langu mwishoni.

Kilosa alikuwapo mjane, Bi Chausiku, mgonjwa wa sukari, na wanawe watatu. Mshamu alikuwa na mkono wazi. Zaituni alikuwa mbishi, hakubali neno mpaka alipime. Sefu, kitinda mimba, alikuwa na pua, lo! Maziwa hayachachi nyumba ya jirani asijue.

Umeme wa mtaa ule ulipanda na kushuka kama homa. Siku moja ukaunguza friji, insulini ya mama ikaharibika humo. Akajidunga bila kujua, akapelekwa hospitali hajitambui. Aliporudi alisema, "Wanangu, ikitokea tena sitarudi." Friji ikatengenezwa; ikabaki kuilinda.

Mshamu akauza pikipiki yake, aliyoipenda kuliko chakula, ili inunuliwe stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme usipande wala kushuka. Akawa anakwenda kazini kwa miguu, wala hakunung'unika.

Dukani, Zaituni akaikataa ile ndogo ambayo kaka yake alikwisha kuibeba. "Friji ikianza kuunguruma huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inapotulia. Hii itazidiwa! Tuchukue kubwa, inayobakiza nguvu ya ziada, na isichomekwe kitu kingine." Mshamu akanuna kwa kuumbuliwa mbele ya watu, akatangulia njia nzima peke yake. Lakini iliyokuja nyumbani ni ile kubwa.

Asubuhi ya Idi umeme ukawa hafifu, pasi hazipati moto mtaa mzima. Mzee Kibwana, baba wa mchumba wake Sefu, akaja na kanzu yake na pasi. Kuona taa ya stabilaiza inawaka, akachomeka pasi papo hapo. Sefu, aliyekuwa uani, akanusa plastiki inayoungua. Akaja mbio, akachomoa waya, pasi ingali mkononi mwa mzee.

"Niwie radhi, baba! Hii ni ya dawa ya mama."

Mzee akaondoka na kanzu yake yenye makunyanzi bila kuaga, na habari za harusi zikanyamaza.

Bi Chausiku akafungua friji, akaigusa dawa. Ya baridi. Akalia. Kisha akaitoa kabatini sahani ya marehemu mumewe, ambaye kila Idi alimpakulia pilau ya kwanza. Tangu azikwe, hajala mtu humo.

"Leo atakula humo," akasema, "aliyeniweka hai."

"Mpe Zaituni, mama," akasema Mshamu. "Mimi nilitaka ile ndogo."

"Mpe Sefu," akasema Zaituni. "Keshamkosa mkwe."

"Kaka anatembea kwa miguu," akasema Sefu. "Mpe yeye."

Mama akawatazama mmoja mmoja, na moyo wake ukawataka wote watatu.

Na msiniambie wale pamoja! Sahani ile ni ya mtu mmoja. Hata Bi Chausiku mwenyewe hakuwahi kumega humo. Haya, pilau inapoa, na mama anangoja. Je, wewe ungempa nani?