Vunjajungu Aliyetaka Pakavu

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Mwenye usingizi?"
"Kalale!"
"Mwenye masikio?"
"Asogee!"

Haya, sogeeni! Chini ya upenu wa jiko la Bi Mashavu, penye mchanga mkavu, aliishi Kichimba, kidudu mdogo kama punje ya mtama. Alichimba kishimo, akajifukia, akangoja. Sisimizi akipita ukingoni, mchanga poro poro poro! Nyaku! Keshaliwa.

Siku moja ya masika akatua Vunjajungu, mrefu huyo, mikono kaikunja kama anayeomba dua. Dua gani! Tumbo la fisi.

"Wewe! Mwindaji gani anajificha shimoni? Mimi naua hadharani! Hapa pakavu napataka. Toka, la sivyo nakutafuna!"

Kichimba akachungulia. Nje mvua ilimwagika. Akitoka tu, amekufa maji. Na hasira zikampanda: nyumba kaichimba mwenyewe! Lakini sauti akailainisha.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Eti kweli watu wanakuogopa?"

"Wananiogopa! Anayenigusa huvunja chungu chake. Nani atathubutu?"

"Hata Bi Mashavu?"

"Hata mama yake Bi Mashavu!"

"Sasa unahangaika nini na sisimizi? Nenda jikoni, kwenye chungu cha mchuzi. Nzi wamejaa tele!"

Vunjajungu akaruka, vrrr! Hakujua alichokijua Kichimba. Asubuhi ile, nyuma ya ukuta, kulisikika pwaa! Kisha Bi Mashavu akalia, "Ole wangu, chungu changu cha pekee!"

Vunjajungu akakuta vigae, na nzi wanalamba mchuzi. Tamaa ikamziba macho. Akakaa juu ya kigae, nyaku, nyaku, nyaku! Bi Mashavu akaingia na ufagio. Vunjajungu hata hakutikisika, akakunja mikono yake ya dua.

"Alaa! Kumbe ni wewe? Chungu kimeshavunjika, nikuogopee nini tena?"

Pu! Pu! Pu! Vunjajungu akachomoka mlangoni, bawa linaning'inia, akatokomea mvuani. Hakurudi tena.

Kichimba akacheka mpaka ukingo wa kishimo ukaporomoka, poro poro! Sisimizi naye ndani. Nyaku!

Hadithi imefika mlangoni kwake. Nzuri bebeni, mbaya niachieni mimi.

Na funzo lake, wanangu: mgeni msimfiche neno hata siku moja. Kichimba alificha, na oneni adhabu aliyoipata: kalala pakavu, tena kashiba!