Bwana Afya na Kata ya Bibi Ndeanasia

Siku ya soko, bwana afya Lugendo alipanda mlima akiwa na karatasi moja mfukoni. Ilikuwa amri ya kukifunga kilabu cha Bibi Ndeanasia, na haikukosa kitu isipokuwa sahihi yake. Mtu fulani alikuwa amelalamika kwamba bibi yule huonja pombe ya kila mteja kwa mdomo wake kabla ya kumpa.

Lugendo alikuwa mtoto wa mjini, mambo ya migombani hakuyajua. Lakini alikuwa mtu wa haki, akataka kwanza aone kwa macho yake. Tena, tuseme ukweli, alikuwa na njaa.

Akaketi kwenye benchi, akaagiza mtori. Likaja bakuli limejaa, ndizi zimepondwa zikalainika, mfupa wa nyama umechomoza katikati. Akala hadi akajisahau. Nusura asahau na kilichompeleka.

Karibu naye wazee walikuwa wakinywa mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi. Kila kata ya kibuyu iliyochotwa, bibi alipiga funda moja kwanza, akameza, akangoja kidogo, ndipo akampa mteja. Lugendo akakunja uso. Kumbe malalamiko yalikuwa ya kweli.

Pombe ikaisha. Bibi akafungua pipa jingine, la bluu, ambalo aliliazima tupu kwa jirani kwa kuwa siku ya soko watu ni wengi.

“Bibi, nami nipatie,” Lugendo akasema, akatoa glasi yake mwenyewe mkobani. “Nitilie humu. Ila usiionje.”

“Siionji kwa uchu, mwanangu. Hapa mgeni hanywi kabla ya mwenye pombe.”

“Huo ni uchafu, Bibi.”

“Basi hutakunywa.”

Lugendo akatoa kitambulisho, akaitandaza ile karatasi mezani.

“Nitilie bila kuonja, nikione kinywaji chenyewe, halafu tuzungumze. Ukikataa, natia sahihi sasa hivi.”

Mzee Kaanaeli, mteja wa miaka mingi, akainuka. “Mae, mama yetu, mpe tu! Glasi moja itakupunguzia nini? Ukifungiwa utakula wapi?”

Bibi alikuwa mjane, na kilabu kile ndicho kilichomlisha yeye na wajukuu zake watatu.

“Aniandike,” akasema. “Kwangu mtu hanywi kitu ambacho mimi sijakinywa.”

Lugendo akashika kalamu. Bibi akawageukia wateja wengine, akachota kata ya kwanza kutoka pipa la bluu, akapiga funda.

Safari hii hakumeza. Aliitema chini, akashika koo.

“Asinywe mtu!” akapiga kelele. “Ulimi umeingia ganzi. Humu hamna pombe, mna sumu!”

Akasukutua kwa maji tena na tena. Kisha akaamuru shimo lichimbwe mbali na kisima, na jasho lake la wiki nzima likamwagwa humo, mpaka tone la mwisho. Jirani alipoitwa, alishika kichwa. Lile pipa alikuwa akiwekea dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alilisuuza, akadhani inatosha.

Lugendo akaitazama glasi yake. Ilikuwa safi, inang'aa, na yeye angeijaza na kuimaliza kwa mkupuo mmoja, kwa ubishi tu. Hakuwahi kumheshimu mtu hadi kumwogopa, kama alivyomheshimu kikongwe yule aliyekuwa akifuta mdomo kwa pindo la kanga. Akaichukua karatasi ili aichane.

“Usiichane,” bibi akasema. “Andika.”

“Niandike nini, Bibi? Umeniokoa!”

“Andika kwamba kwa Ndeanasia pipa lilikuwa na sumu. Si ndivyo ilivyokuwa?”

“Nikiandika hivyo, sheria inanilazimisha nikufungie kilabu.”

“Nifungie. Usipoandika, wiki ijayo mwenzangu ataazima pipa kama hili, na pengine yeye haonji.”

Lugendo akairudisha karatasi mezani. Mshahara alilipwa yeye kwa kulinda afya za watu, na kazi ilikuwa ikifanywa na huyu bibi. Akaandika alivyoambiwa, akatia sahihi huku machozi yakimlenga.

Kilabu kikafungwa siku kumi na nne. Kwa sababu ya maandishi yale, mapipa ya vilabu vyote vya mlima ule yakakaguliwa. Yakapatikana mengine matano yaliyowahi kutiwa dawa kama ile, na mawili kati yake yalikuwa tayari yamejaa pombe, yakisubiri harusi ya Jumamosi.

Funzo: Anayewapenda watu kweli huanza yeye kuonja anachowapa, na ukweli huusema hata pale unapomfungia mlango yeye mwenyewe.