Ulimi wa Haramia Kirumbi

Haramia Kirumbi na watu wake waliliteka jahazi katikati ya mvua kubwa. Mabaharia walijitosa majini wakatoroka, akabaki mpishi, Msabaha, na upanga shingoni.

"Sioni hata gubeti pale mbele ya jahazi," Kirumbi alifoka. "Tia bildi, ile risasi ya kupimia chini ya bahari, utuongoze hadi maficho yangu. Njia ya kule chini yake ni mchanga, kwingine kote miamba. Tukigonga mwamba, kichwa huna."

"Sawa, nahodha. Ngoja nikachukue mafuta jikoni niipake risasi, mchanga unate."

Akarudi na mafuta, mfuko umemtuna, akaishusha risasi kwa kamba, akaipandisha akiwa amempa Kirumbi mgongo. Kirumbi akailamba, maana alijisifu kwamba ulimi wake unaijua bahari yote.

"Mchanga! Lakini mbona una joto, na ladha ya moshi?"

"Ulimi gani huo, nahodha! Si moshi wa majiko ya kwenu? Tumekaribia."

Maharamia wakapiga makofi.

"Tweka tanga lote!" Kirumbi akanguruma.

Jahazi likapanda mwamba, kru! Mvua ikakatika. Mbele yao ilisimama ngome ya liwali, mizinga ikiwatazama.

"Mchanga ule ulitoka wapi?" Kirumbi akauliza, upanga umemdondoka.

"Niwie radhi, nahodha, leo hakuna chakula," Msabaha akajibu. "Lile sanduku la mchanga ninalowashia moto wa kupikia limebaki tupu."