GB Nane za Nusaiba

Ta. Tone la kwanza lilidondoka gizani ndani ya ndoo tupu, likafuatwa na la pili, kisha matone yakashikana yakawa uzi. Nusaiba akaamka. Kule Mbagala bomba huachwa wazi na ndoo kuwekwa chini yake, ili maji yakija alfajiri yamwamshe mwenyewe. Alikinga ndoo, akajaza mapipa, akamfunika vizuri binti yake Mwanakombo, mwenye miaka mitano, ambaye hulala kama aliyepigana na shuka. Kisha akakaa mkekani na kufungua kompyuta yake. Kabla ya jua kutoka alikuwa amemaliza kuchora ukuta mmoja wa jiko la nyumba ambayo bado haikuwapo duniani.

Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ni wako, na magoti yako yanaujua. Msala upitao ni mzuri, ila uko begani mwa mpita njia. Siku hizi mikeka tunayoshawishiana kuitupa si ya ukindu tena. Ina vioo na vitufe.

Mchana Nusaiba alipiga pasi nguo za watu mpaka miguu ikamvimba. Jioni alisoma uchoraji wa ramani za majengo katika chuo kimoja cha Temeke. Mwaka wa pili ulipokaribia kwisha, Mwalimu Felicitas alisimama mbele ya darasa na kutangaza kwamba ofisi ya mkandarasi mmoja kule Tegeta ilitaka mchoraji. Nafasi ilikuwa moja tu. Baada ya wiki tatu kila mwanafunzi angekuja na kompyuta yake, ndani yake ramani kamili ya nyumba ya vyumba vitatu, na angetakiwa kuibadilisha palepale mbele ya injinia.

Nusaiba aliitaka nafasi ile kwa moyo wake wote. Alichoka kuitwa "dada wa pasi" na watu wasiojua kwamba anaweza kuwachorea nyumba.

Yeye na Brightson, jirani yake wa dawati, walikuwa wamenunua kompyuta za aina moja, siku moja, duka moja. Zilikuwa za kiwango cha chini kabisa: memori GB nane, hifadhi GB mia mbili hamsini na sita. Vyote viwili vilichomelewa humo humo kiwandani, haviongezwi wala havibadilishwi. Darasani walipata cha kuchekea.

"GB nane, sista?" aliuliza kijana mmoja wa nyuma. "Flashi yangu ya singeli ina thelathini na mbili. Yako si laptop, ni flashi yenye kioo."

Darasa likaangua kicheko. Nusaiba hakuinua uso.

"Unachanganya jiko na kabati, braza," alisema. "Hifadhi ni kabati, ndimo unamoweka unga na mchele. Memori ni jiko, ndipo unapopikia. Flashi yako ni kabati tupu lisilo na jiko. Utakula unga mbichi?"

Safari hii kicheko kilihama upande.

Lakini ukweli una tabia ya kutosubiri vicheko viishe. Zikiwa zimebaki wiki mbili, jioni moja Nusaiba alifungua mchoro mzima wa nyumba, msingi, kuta na paa kwa pamoja, na kompyuta ikaganda. Kialama cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka, kisha programu ikajifunga na kazi ya saa mbili ikayeyuka. Ya Brightson ilikuwa imemfanyia hivyo hivyo juzi yake.

"Mie nimechoka," Brightson alisema. "Kesho twende kwa Fakihi. Anabadilishana. Unampa yako mpya ndogo, anakupa kubwa iliyotumika. Hakuna cha kuongeza."

Nusaiba alikwenda. Asiseme mtu kwamba hakushawishika.

Fakihi alikuwa fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi, mwenye ulimi laini kama tende. Juu ya meza yake kulikuwa na kompyuta moja pana kama sinia la pilau.

"Hii ilikuwa ya ofisi za Ulaya," alisema akiipapasa. "Memori thelathini na mbili. Na diski yake, tazameni." Akaigeuza, akafungua parafujo mbili, akachomoa kipande chembamba kama kitambulisho, akakirudisha. "Umeona? Inatoka, inaingia. Ikijaa, unaweka nyingine."

Kisha akaifungua ya Nusaiba, akachungulia, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa maiti.

"Huku hamna cha kutoa, Mama Mwanakombo. Kila kitu kimechomelewa. Hii ikijaa imejaa, ikifa imekufa na vyako vyote. Nakuonea huruma tu, ndiyo maana naipokea."

Brightson alikwishaanza kuhamisha michoro yake kwenye sinia. Nusaiba alisimama, mkono mmoja juu ya meza. Alitazama mashine kubwa, akatazama ndogo, akajiuliza swali ambalo hakuna aliyelitamka kibandani pale: kama yangu ni mbovu kiasi hicho, mbona anaitaka?

"Nifungie yangu, fundi," alisema.

"Utajuta."

"Nitajuta na changu. Nyumba ya vyumba vitatu haihitaji jiko la harusini."

"Haya, Mama Flashi," Brightson alimtania. "Tutaonana siku ya mtihani."

"Tutaonana, baba. Uje na wapishi."

Njiani Nusaiba hakuwa na raha kama maneno yake. Maneno ya Fakihi yalimganda akilini: ikifa imekufa na vyako vyote. Alikuwa amesema kweli kwa nia mbaya, na kweli haichagui mdomo. Basi akaamua kuitumia. Tangu siku ile hakulala kabla ya kunakili kazi yake kwenye flashi, ambayo aliifunga pamoja na funguo za mlango. Kabati la kompyuta lilipojaa, alihamishia kwenye flashi video za Mwanakombo akiimba, moja baada ya nyingine, akizitazama kwanza.

Na kuhusu jiko, alikumbuka alivyolelewa. Kwao kulikuwa na jiko moja la mkaa na walaji tisa. Mama yake hakuwahi kubandika vyungu vitatu kwa mpigo. Alipika wali, akaufunga kwa kanga usipoe, ndipo akabandika mchuzi. Nusaiba akaikata ramani yake vipande vitatu: msingi faili lake, kuta faili lake, paa faili lake. Alifunga kila kisichohitajika, muziki na mitandao yote, na kufungua faili moja tu kwa wakati. Kompyuta haikuganda tena. Haikuwa ya miujiza. Angeambiwa achore ghorofa kumi ingemlaza chali. Lakini hakuna aliyemwambia achore ghorofa kumi.

Siku ya mtihani ilikuwa Jumamosi asubuhi. Injinia Anselmo, mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alikaa karibu na Mwalimu Felicitas na kuwaamuru wafungue kazi zao. Brightson aliwasha sinia lake. Feni ilinguruma, kioo kikang'aa, na mbele ya darasa zima akatokea bibi harusi mwenye shela, akilishwa keki na mwanamume asiyefahamika na mtu yeyote pale.

"Hongera," alisema kijana wa nyuma. "Hukutualika."

Brightson alifungua huku na huku. Hakukuwa na ramani. Kulikuwa na picha elfu mbili za ndoa ya watu. Akatoka mbio na simu aliyoiweka spika, na mlango ukiwa wazi, wote walisikia.

"Fundi, jana nilikuletea unipangusie feni tu! Diski yangu iko wapi?"

Sauti ya Fakihi ilitoka haina hata haraka. "Ah, braza, nilizitoa mbili nikazijaribu, zikachanganyika mezani. Yako imeondoka na mteja wa jioni. Nilishaifuta. Kwani hukuwa na kopi?"

Hakuwa nayo. Aliambiwa diski yake inatoka na kuingia, akasahau kwamba kinachotoka kwa urahisi hutoka hata bila mwenyewe kujua.

Injinia akasogea hadi kwa Nusaiba. "Mteja wangu wa Mbweni amebadili mawazo. Jiko lihamie nyuma, na paa lifichwe nyuma ya ukuta. Una saa moja na nusu."

Nusaiba alifungua kuta, akahamisha jiko, akahifadhi, akafunga. Alipofungua paa, kialama kikaanza kuzunguka. Kikazunguka tena.

"Mashine yako imechoka, binti," alisema injinia.

"Haijachoka, mzee. Inapika."

Mwalimu Felicitas akauma mdomo asicheke. Paa likafunguka. Zilipobaki dakika kumi na mbili, ramani yote ilikuwa tayari, na nakala yake kwenye flashi.

"Ina GB ngapi hii?"

"Nane, mzee."

"Na zinakutosha?"

"Nimezifanya zinitoshe."

Injinia Anselmo alivua miwani. "Ofisini nina vijana wenye mashine kubwa, na kila siku kazi zao zimepotea," alisema. "Wiki ijayo maliza shughuli zako, Jumatatu inayofuata njoo Tegeta."

Chuo kilimpa Brightson wiki mbili arudie kazi yake. Nusaiba hakumcheka, ingawa ulimi ulimwasha. Kila asubuhi ya wiki ile ya mwisho ya kupiga pasi alimwachia kompyuta yake, naye, asiyeliamini tena sinia lake, akachora upya humo, faili moja moja, bila neno lolote kuhusu flashi.

Siku moja Nusaiba alipita karibu na stendi na Mwanakombo, mfuko wa kompyuta begani. Fakihi akawaona, akatoka kibandani na uso wa sherehe. Mwanakombo alimwamkia, naye akaitikia huku macho yakiwa kwenye mfuko ule.

"Mama Mwanakombo, nasikia wewe sasa ni mtu wa ofisi. Nina nyingine hapa, kubwa kuliko ile. Tubadilishane, nakuongezea na mfuko mpya." Alipoona Nusaiba anatabasamu bila kusimama, akainama kwa mtoto. "Hebu mwambie mama achukue kubwa, mwanangu."

Usiache mbachao kwa msala upitao: waliosema hivyo hawakuwahi kuona kompyuta, wala hawakuhitaji kuiona. Mwanakombo aliutazama mfuko, akamtazama fundi, akashika kanga ya mama yake.

"Hii inatutosha," alisema.